Wale Watano wa Akiba

Benchi la kijiwe ni ubao uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, mbele ya karakana ya mafriji. Mwenye karakana wanamwita Barafu. Jioni hiyo alikaa na wenzake wa kila siku: Hesabu, karani mstaafu asiyepitwa na redio, na Kufuli, mchonga funguo. Kufuli alikuja na shida. Binti yake anarudi kazini Jumatatu, na mjukuu wa miezi minne, ambaye hajafikia umri wa chanjo ya surua, anahitaji nyumba ya kushinda. Surua imeshaingia mtaa wa pili. Kabla Kufuli hajafungua mdomo, Hesabu alishaliteka baraza.

— Wataalamu wamepiga hesabu. Mgonjwa mmoja wa surua akiangukia pasipo na aliyechanjwa, anaambukiza hata watu kumi na watano. Na kila mmoja wao, kumi na watano wake.

— Basi mtaa kwisha, alisema Barafu.

— Subiri. Mkichanja watoto tisini na tano katika kila mia, ugonjwa unakosa pa kushika. Unazimika wenyewe.

— Kwa hiyo watano ni wa akiba.

— Tuseme hivyo.

— Basi wanangu wamo humo. Foleni ya zahanati niliiona kwa mbali, nikageuza.

Kufuli alinywa funda la kahawa. Nyumba ya Barafu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kichwani mwake.

— Punguza tamaa, ndugu yangu, alisema Hesabu. Wajukuu zangu wawili walitangulia kwenye hao watano.

— Walitangulia lini?

— Tangu mwaka jana. Mama yao hana nafasi. Halafu redio ilisema hao watano ni wachanga na wagonjwa.

— Wangu wa mwisho ana mafua kila wiki.

— Mafua si ugonjwa, Barafu.

— Njoo ulale naye chumba kimoja.

Muuza kahawa, akijaza vikombe, alitoa lake:

— Twende kwa zamu. Mwaka huu wachanjwe wa kwako, mwakani wa kwangu.

— Na surua itajuaje zamu ya nani? aliuliza Hesabu.

— Tunabandika ratiba mlangoni.

— Mimi naona tuwapange, alisema Barafu. Waliochanjwa walale nyumba za barabarani, wengine nyumba za ndani. Surua ikipiga hodi inakuta ukuta.

— Nyumba yangu iko barabarani, alisema Hesabu.

— Hama.

Walicheka. Kufuli alicheka pia, ila alichelewa.

Binti yake alitokea kwenye kona, mtoto kifuani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Baba, umepata pa kumwacha?

— Ndiyo nilikuwa nataka kuwauliza.

Binti akawageukia wengine.

— Wazee wangu, ni kwa nani hapa ambako watoto wote wamechanjwa?

Barafu alimtazama Hesabu. Hesabu alimtazama muuza kahawa, naye akainama kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

— Kaa kwanza, binti yetu, alisema Barafu, akisogea ampishe.

Hakukaa. Alivuka barabara, akasimama upande wa pili kumsubiri baba yake. Kufuli alirudisha kikombe kikiwa na kahawa nusu, akamfuata.