Helju Paju, Aliyetaka Kuulizwa

Helju Paju alifariki Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, alfajiri, nyumbani kwake hapa katika mji wetu mdogo wa Antsla, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1943, mtoto pekee wa Juhan na Alma Tigane, katika nchi ambayo karibuni ingerudishwa kwa nguvu katika Umoja wa Kisovieti, na mnamo Machi 1949 askari waliwatoa kitandani yeye na mama yake, wakawapakia kwenye behewa la mizigo kwenda Siberia, ambako alianza shule, hadi waliporuhusiwa kurudi mwaka 1957. Alihitimu ualimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Tartu mwaka 1967, akafundisha hapa Antsla hadi alipostaafu mwaka 2001.

Tarehe 22 Juni 1968 alifunga ndoa na Endel Paju, fundi wa matrekta, na wakajaliwa binti mmoja, Piret, mwaka 1970.

Mwaka 2003 nchi ilipoulizwa kama ijiunge na Umoja wa Ulaya, nyumba yao iligawanyika, Endel akitaka na Helju akikataa katakata. “Muungano mmoja umenitosha,” alisema, na Endel akamjibu, “Ule ulikuja na bunduki, mama Piret, huu umekuja na karatasi,” naye akasema, “Basi leteni hiyo karatasi, niijaze hapana!” Halmashauri ikamteua yeye huyo huyo kusimamia kituo cha kura pale maktaba, majirani wakanong’ona, naye tarehe 14 Septemba akafika wa kwanza, amevaa gauni lake la harusi ya Piret.

Kura ya ndiyo ilishinda. Helju alisimama akasoma matokeo kwa sauti, machozi yakimtoka, na Endel akamkimbilia na leso akisema, “Pole, mke wangu,” naye akamgeukia, “Pole ya nini, wewe? Nimeshindwa, na kesho nitaamka kitandani kwangu!”

Majira ya kuchipua yaliyofuata, uvumi ulipoenea kwamba sukari itapanda bei tukijiunga, alinunua magunia yakajaza chumba cha wageni, hadi Endel akauliza kama wageni watalala juu yake, na nchi ilipokuja kutozwa faini na Umoja huo kwa akiba ya sukari iliyozidi, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaendelea kupika jamu ya matunda, ambayo wengi wenu bado mnayo kabatini. Wageni kutoka nchi zilizotaka kujiunga walipoletwa kwake kujifunza jinsi kura ile ilivyoendeshwa, aliwapa jamu hiyo na kuwaambia, “Ulizeni mapema bei ya sukari, na anayesema hapana mwacheni aseme kwa sauti, ndipo ndiyo yenu itakuwa na maana.”

Endel alitangulia mwaka 2015. Moyo wa Helju ulianza kudhoofika Januari mwaka huu, na Jumapili tarehe 9 Juni, siku ya kuchagua wabunge wa Ulaya, aliomba kisanduku cha kura kiletwe nyumbani, akamfukuza Piret chumbani akisema, “Toka, mwanangu, kura ni siri,” akapiga kura yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Võru, majirani waliopasua kuni zake, walimu wenzake, na maofisa waliopandisha kisanduku ngazi za nyumba yake.

Lala salama, bibi yetu, hakuna atakayekuamsha. Jioni ile ya Jumapili kisanduku kilifunguliwa, na kura yako ilihesabiwa.