Historia ya Mama Utambi, Msoma Hewa wa Kituo cha Msitu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimesukumiwa kazi hii baada ya wakubwa wote kuikimbia, mtanivumilia sauti ikinikatika.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma kuanzia 1965 hadi 1976, hesabu akizimudu mno, nasi wadogo zake tukirithi madaftari yake na kunakili majibu bila haya.

Tarehe 3 Januari 1979 aliajiriwa kituo cha msitu, kazi yake kupima joto, upepo na unyevu, ili wazimamoto wajue siku ya hatari. Tarehe 20 Agosti 1982 aliacha utambi unaolowesha kipimajoto cha kupimia unyevu ukauke, na ukikauka kipimo hudanganya, akasoma kwamba hewa ina unyevu, kumbe kavu kabisa, wenzake, wakidhani ni salama, wakachoma majani ya mpakani ili kukinga msitu, moto ukawaponyoka na kuteketeza misonobari kwa siku mbili. Hakumsingizia mtu, alikiri kwa barua, na tangu hapo aliulowesha utambi ule kila asubuhi, hata akiwa likizo, ndipo tukambandika jina la Mama Utambi, naye akalipokea akicheka.

Tarehe 15 Disemba 1984 alifunga ndoa na dereva wa lori la maji la kituo, shemeji yetu huyu, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 2 Septemba 1997 nilikuwa bondeni na kikosi changu cha wazimamoto kumi wa kituo hicho, moto umebaki kidogo, tunajisifu, dada akatuambia redioni kwamba unyevu umeshuka ghafla na upepo utatugeukia, nami, Mungu anisamehe, nikamjibu wote wakisikia kwamba aliyeunguza misonobari asitufundishe moto. Hakubishana nami, aliwaita vijana wangu mmoja mmoja kwa jina, mpaka wote kumi wakavuka kwenda upande uliokwisha kuungua, nikawafuata nimenuna. Robo saa haikuisha, bonde lote likawaka.

Alistaafu 2012, akaugua figo tangu Machi 2021, akafariki tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, hospitalini, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa kituoni, wakiwemo wale kumi, ambao leo wamelibeba jeneza.

Dada, kwa yale maneno ya redioni sikuwahi kukuomba radhi, miaka ishirini na sita nilikuwa nikisema kesho. Nisamehe, upumzike salama.