Mtama wa Ndege

Ndugu zangu, habari za mchana. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nisitaje jina la mtu, nami nawaomba msinionee huruma, maana mpigaji katika habari hii ni mimi.

Nilikuwa askari wa msitu huko Kondoa, kwenye milima ya juu ya Busi. Mimi ni Mgogo wa Zuzu, kule nilifuata kazi. Nilipewa sare, panga na rungu. Rungu nililipenda, nisiwadanganye. Mtu akikimbia nilifurahi, kwa kuwa sasa nina sababu ya kumkimbiza.

Siku moja nilimkuta mwanamume anakata mti. Aliponiona aliweka shoka chini, akainua mikono. Nilimpiga mikono ikiwa juu vilevile. Mkono wa kulia ulivunjika, mfupa niliusikia, na sikuacha. Alipoanguka nilimpiga mateke ya mbavu mpaka akatapika. Kisha nikaandika ripoti kwamba alinirushia shoka. Kwa uongo huo alikwenda jela, na mkono ukaunga umepinda.

Bosi wetu, mama mmoja asiyepaza sauti, hakuwa na ushahidi. Lakini alinitazama, akasema sitakwenda tena doria. Akaniweka ofisini mbele ya kompyuta. Ndani ya msitu kulikuwa na kamera juu ya nguzo, inatazama meza yenye sinia la mtama na beseni la maji, ili watu wa mbali waone ndege mtandaoni. Kazi yangu ikawa kuandika: asubuhi ukungu, upepo kidogo, tetere saba, chiriku wengi, kanga wawili. Mimi, mtu wa rungu, kuhesabu chiriku!

Nyumbani mke wangu aliniuliza kwa utani kama ndege wameshiba. Nilimpiga ngumi ya mdomo. Jino lilitoka. Asubuhi alifunga nguo zake, akarudi kwao Buigiri.

Nawaambia, kwenye kamera ile nilipenda kitu kimoja tu: kipanga. Alikuwa akishuka kama jiwe, anamkandamiza tetere juu ya sinia na kumnyonyoa akiwa hai. Nilikuwa narudisha picha nyuma nimtazame tena.

Masika yalipofika, nikaanza kukuta sinia tupu kabla ya saa ya ndege kula. Nikadhani ni nyani. Kumbe ni mwanamke. Alitokea kwenye picha akiwa na bakuli, akazoa mtama wote, hata zile punje zilizoanguka chini. Siku tatu nilimwona, sikumwambia bosi. Nilitaka kumkamata mwenyewe.

Siku ya nne, mchana, alipoinama tu kwenye sinia nilichukua rungu na panga. Nilikuwa nimefika mlangoni mvua ya mawe iliposhuka. Nikarudi kutazama. Mawe yalikuwa makubwa kama limau. Chiriku walipigwa wakadondoka mmoja mmoja, wengine wakitapatapa kwenye matope. Yule mama alijikunja chini ya meza, bakuli kichwani. Mara tawi kubwa likakatika, likaivunja meza na kumlalia.

Ndugu zangu, sikukimbia kumsaidia. Nilikaa. Nilitazama kama nilivyokuwa nikimtazama kipanga. Ila safari hii yule chini ya tawi alikuwa na mkono, na ule mkono ulikuwa unachimba ardhi. Ulichimba, ukapumzika, ukachimba tena. Hapo nikaogopa, si kwa ajili yake. Nilijiogopa mimi niliyekaa kwenye kiti.

Nikamwita bosi kwa simu, nikatoka mbio. Mawe yalinipasua masikio. Nilipofika, mama alinitambua kwa sare, akajiziba kichwa.

"Afande, usinipige," akasema. "Mume wangu umeshamvunja mkono. Ukinivunja na mimi, nani atalima?"

Nilitupa rungu, nikalikata tawi kwa panga, nikambeba mgongoni mpaka kwao, akinielekeza njia. Mguu wake ulikuwa unaning'inia, akilia kila nikikanyaga.

Mumewe, aliyekwisha kutoka jela, alikuwa mlangoni. Tulijuana papo hapo. Nilimshusha mkewe kwenye mkeka, na nilipoinuka alinipiga mchi wa kichwa kwa mkono wake wa kushoto. Akanipiga tena. Kovu ndilo hili. Mikono yangu ilitaka kumrudishia, naapa. Niliikalia. Nilikaa chini juu ya viganja vyangu, damu ikiingia machoni, nikamwambia, "Ripoti ile niliandika uongo. Nitaisema yote."

Akashusha mchi. "Kaiseme," akajibu. "Halafu uje ulime."

Bosi alifika na gari, akampeleka mama hospitali. Nilimweleza kila kitu, nikaandika kwa mkono wangu, nikapeleka polisi. Kazi ilikwisha, na kesi yangu bado inaendelea. Masika yale nililima shamba lao mpaka mwisho. Mama sasa anatembea kwa gongo na ananisalimia. Mumewe hajanisalimia hata leo, na sitamdai salamu.

Namshukuru mama yule aliyekuwa bosi wangu, aliyenileta kwenye kikundi hiki. Namshukuru mke wangu. Hajarudi, lakini simu anapokea. Nawashukuru ninyi mlionisikiliza wiki zile nilipokuja nikanyamaza tu.

Nilichojifunza ni hiki: usingoje kusamehewa ndipo uache kupiga. Acha kwanza. Msamaha una mwenyewe, atautoa akitaka.

Na kama humu ndani kuna mtu ambaye leo mkono unamwasha, na nyumbani kuna anayemngoja kwa hofu, asiende kwanza. Aje tukae. Mimi sina haraka, nitaondoka wa mwisho.