Daktari Aliyeuliza Mfupa Ulivunjika Lini

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka daktari aliyesoma picha za mifupa ya watoto. Kwao walimwita Mguu Njiani, maana hakujua kukaa kitako.

"Dada alikula amesimama," anatuambia mdogo wake wa kiume. "Ungedhani kila kiti kina miiba."

Kazi yake ilikuwa kukadiria umri wa mvunjiko. Naam, umri wa mvunjiko: mfupa huu ulivunjika lini? Mwanzoni eksirei huonyesha ufa mkali. Baadaye mfupa mpya huota pembeni, kama wingu. Na wingu hilo haliji kwa siku moja.

Asubuhi moja aliingia mama na kichanga kilicholia kila kilipoguswa mkono. Nyuma yake, askari alikuwa amemshika msichana wa kazi, aliyeajiriwa jana yake tu.

"Kamwangusha leo!" mama alisema.

Daktari alitazama picha. Akazunguka chumba. Akarudi, akatazama tena. Wingu lilikuwepo. Akajiuliza: kama si msichana, mtoto huyu anarudishwa kwa nani?

"Mfupa umeshaanza kuunga," akamwambia askari. "Umepita wiki, pengine zaidi."

"Tupe siku, daktari."

"Siku siijui, na sitaibuni. Ninachojua, si leo wala jana. Mwachie binti wa watu. Na mtoto haondoki hapa."

Mama akaketi sakafuni. "Mume wangu ndiye aliyenituma niseme hivyo," akanong'ona.

Mahakamani, wakili wa baba alimkejeli: daktari gani asiyejua hata siku? Daktari hakuyumba. Baba alitiwa hatiani kwa kumvunja mtoto mkono, mtoto akalelewa na bibi yake. Lakini Mguu Njiani hakutulia. Kila mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alimsindikiza kwa macho hadi getini, akijiuliza kama kuna wingu lililompita.

Juzi, kwenye mazishi ya daktari, mwanamke mmoja aliomba kusema. Ndiye yule msichana wa kazi, sasa ana wanawe.

"Nilipoachiwa nilitimua mbio," alisema. "Sikugeuka hata kusema ahsante. Ahsante, mama."

Kwa mdogo wake na jamaa wote, poleni sana. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki, tujifunze. Mtoto asiyejua kusema akilia unapomgusa, usianze kutafuta wa kumlaumu. Mbebe, umpeleke hospitali. Leo hii.