Zadok Pruden, Aliyebaki na Mfalme

Ndugu waombolezaji, mimi ni Jared Pruden, mdogo wa marehemu, na kama mjuavyo nilipigania uhuru wa Marekani wala sijutii, lakini leo nasoma historia ya mtu aliyekuwa upande wa mfalme wa Uingereza, na anayeona vibaya, mlango uko wazi.

Marehemu Zadok alizaliwa tarehe 3 Machi 1736, hapa hapa Connecticut, akasoma misimu miwili ya baridi kwa mchungaji, akajifunza kutengeneza mapipa, na mwaka 1758 akaenda kupigana na Wafaransa, akala kiapo chini ya bendera ya mfalme. Tarehe 9 Juni 1763 alimwoa Thankful Beers, wakajaliwa watoto watatu, aliyebaki hai ni Mercy, huyu aliyekaa mbele.

Mimi nilikuwa seremala wa meli, na mfalme alipofunga bandari ya Boston nikakosa kazi, nikashika bunduki. Nilimuuliza Zadok, "Kaka, huyo mfalme amekupa nini?"

Akajibu huku anagonga pipa, "Hajanipa kitu, Jared. Mimi ndiye niliyempa neno langu. Nikilivunja leo, kesho wewe utaniamini vipi?"

Nilimwita mjinga, akaniita mtoto, tukanuniana miaka miwili.

Tarehe 20 Aprili 1777 watu wa kijiji hiki, na baadhi yenu mmekaa hapa, walimfuata na lami ya moto na manyoya ya kumpaka mwilini ili kumwaibisha, nami nikasimama mlangoni kwake na koti langu la jeshi la uhuru, nikasema, "Huyu ni adui yangu mimi, si wenu. Rudini!" Wakarudi, wakiiacha lami ipoe ndani ya pipa alilolitengeneza yeye mwenyewe.

Mwaka 1779 alinyang'anywa shamba, na vita vilipokwisha akaambiwa ahamie Nova Scotia, koloni lililobaki la mfalme, pamoja na wenzake, akauliza, "Kwani mimi nilizaliwa wapi?" Akahamia kwangu.

Aliugua kifua tangu Novemba, akafariki tarehe 12 Februari 1809, saa nne asubuhi. Tunamshukuru Daktari Tolles, majirani walioleta uji wa mahindi, na watengeneza mapipa wenzake waliochonga jeneza. Na ninyi mliokataza kengele ya msiba isipigwe, ile mliyoisikia nimeipiga mimi.

Kaburi lililo kando yake ni langu, mtu asiliguse. Lala kwa amani, kaka, nakuja.