Mlango wa Karani

"Mume wangu seremala kafungwa, eti kaiba mlango wa mteja," mama wa kiti cha mbele yangu ndani ya basi alimwambia mzee aliyekaa naye. "Jana nimekwenda mahakamani kuomba kesi isikilizwe upya. Si nikaukuta mlango wenyewe, ndio wa ofisi ya karani!"

Mzee akageuka mzimamzima. "Una hakika, mwanangu?"

"Kile kiraka cha kitasa nilikipiga msasa mimi. Nikamwambia karani. Kasema ushahidi mpya lazima uletwe mahakamani."

"Lakini si uko huko huko?"

"Uko, baba. Ila haujaletwa."

Mzee akakuna kichwa. Nami nyuma yao nikakuna changu, wala sikuwa nimeulizwa.

Basi liliposimama mahakamani, mama akachomoa bisibisi kwenye kikapu. "Nautoa nje kwanza," alisema akiteremka, "halafu naingia nao."