Msinipeleke Ileje kwa Lori Lile

Nani anagonga nyundo huko nje? Asajile? Mwiteni aingie, aache hizo benchi anazozipigilia kwenye lori, maana najua ni za nani: ni za waombolezaji wangu, na mimi bado sijafa. Kaa, mwanangu. Osward, kaa na kaka yako. Na wewe Yunisi, mtoto wa marehemu ndugu yangu Mika, usijibanze mlangoni kama mgeni, njoo hapa kichwani pangu, kwa sababu neno hili ni lako kuliko la hawa. Mtu asinikatize. Pumzi zangu ni za kuhesabu.

Siku zote nimewaambia mnizike Ileje, kando ya Mika. Leo nalifuta neno hilo. Naogopa, wanangu. Kufa nimeshakuzoea, kunakuja na kurudi kila nikikohoa. Ninachoogopa ni mteremko ule, na lori lile, na nyinyi wote juu yake mkiimba nyimbo za msiba.

Shamba hili la Chapwa gawaneni watatu, Yunisi akiwemo, na atakayesema mtoto wa kike hana fungu, mwambieni mzee alikuita mjinga kabla hajakata roho. Cherehani ni ya mama yenu. Hayo mepesi. Sasa lori.

Mnajua nilisoma. Nilitoka misheni na cheti chenye muhuri mwekundu, nikaenda boma kuomba ukarani, yule bwana akanitazama miguuni, nina vumbi, akasema, "No vacancy," na kiti kitupu kiko mbele yetu sote wawili! Bladi nonsensi. Nikaapa hesabu zangu hazitaozea kichwani. Basi tulipopata lori mimi na Mika, yeye usukani, mimi kupanga safari, nikaona kila mtu anatupita kwenye tambarare ya Mkwajuni, nikakaa na karatasi. Ndani ya difu, kwenye ekseli ya nyuma, mna gia mbili zinazoumana. Ile ndogo yetu ilikuwa na meno sita, kubwa meno arobaini na moja, yaani shafti inayotoka mbele izunguke karibu mara saba ndipo matairi yazunguke mara moja. Lori la hivyo halina mbio, lakini lina nguvu ya kupanda, na ukishuka nalo gia ya pili, injini yenyewe inalishika. Mimi nikataka meno saba kwa thelathini na sita: mara tano na kidogo, na mbio kama za wenzetu.

Nikaenda Mbozi kwa fundi Kasiani, aliyejifunza kazi ng'ambo kwa Wabemba. Kabla hajagusa spana akaniuliza, "Unapita wapi? Unabeba nini? Unashuka wapi?" Nikamjibu, mahindi ya Mkwajuni, na mara mojamoja kahawa ya Ileje. Akafuta mikono. "Kwa Ileje? Awe, mukwai, hapana bwana. Gia hizo mimi sifungi. Breki zenu zitaungua hamjafika bondeni." Nikamwambia, wewe hata cheti huna. Nikamwacha, nikaenda kwa fundi Efraimu hapa mpakani, ambaye hakuuliza lolote ila nalitaka lini, akazifunga.

Mika alikuwa kalazwa na homa. Sikumwambia. Angekataa, yeye Kasiani alimwamini kuliko karatasi zangu. Alipopona akashuka nalo Ileje tupu, akapanda na kahawa, akarudi kupakia mahindi ya kupeleka huko, akasema, "Kaka, mbona linavuta kivivu siku hizi?" Nikamjibu, "Petroli ya siku hizi maji matupu. Endesha." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Akashuka na gia ya pili, kama alivyoshuka maisha yake yote, na gia ya pili haikumshika. Nilizikuta ngoma za breki nyeusi kama sufuria ya makande.

Wakaona kibuyu cha pombe aliyokuwa akimpelekea mkwe wake, wakasema alilewa. Nikanyamaza. Yunisi, miaka minane umeitwa mtoto wa mlevi, mpaka kisimani, nasikia kwa masikio yangu, nanyamaza. Baba yako siku ile hakuonja hata tone. Usitoke, mama. Lia hapahapa, nikusikie. Nastahili kukusikia.

Lori tulilivuta kwa ng'ombe, bodi nikaiunda upya, lakini difu sijaifungua mpaka leo, kwa sababu Kasiani angeona meno na angejua. Ndiyo maana sikumruhusu yeyote kulipeleka Ileje, nanyi mkasema baba ana majonzi. Majonzi gani! Woga. Gia zilizomuua Mika ziko humo humo, hapo uani, chini ya benchi zako, Asajile. Usiniambie utashuka taratibu. Mika alishuka taratibu.

Sasa shikeni haya... nipeni maji. Basi, yatosha. Nizikeni hapa Chapwa, bila kungoja. Wa Ileje watapanda kwa miguu, wasiotaka wabaki. Jumapili simameni kanisani, mseme mbele ya wote kwamba Mika hakulewa, na mseme nani alijua. Kisha lori liende tupu mpaka Mbozi kwa Kasiani, si kwa mwingine. Mwombeni radhi kwa niaba yangu. Akimaliza kurudisha gia za meno sita kwa arobaini na moja, msichukue neno lake wala la mtu: inueni magurudumu yote mawili ya nyuma, moja tu likiinuliwa hesabu inadanganya, wekeni alama ya chaki kwenye tairi na kwenye shafti, zungusheni matairi pamoja mara moja, na Yunisi ndiye ahesabu shafti imezunguka mara ngapi. Ikikaribia saba, ondokeni. Ikiwa tano, mrudishieni.

Mungu awape... awape breki, wanangu, na mtu wa kuwauliza mnashuka wapi. Mama yenu mtunzeni. Yunisi, nipe mkono. Hata usiponisamehe, nipe tu.

Asajile, toka. Kazing'oe hizo benchi. Nataka nisikie misumari ikitoka, nisije nikaondoka mkanigeuka... Mbona kimya? Ee. Huo mmoja. Wa pili... Ng'oa, mwanangu... yote...